Vidole viwili chini ya bawa

Wandugu na wadada wa chama, leo siandiki juu ya muhogo wala juu ya ugonjwa wa mosaiki. Naandika juu ya ndege za kuchezea. Najua vile mutasema: «Agronome na ndege za batoto, wapi na wapi?» Mungoje kidogo, hata muti na boga vimo ndani ya hii historia.

Kwenye pulani ya kila ndege ya mufano inayouzwa vipande vipande ndani ya sanduku, kuko alama moja ndogo. Mara nyingi ni duara lililogawanywa mara nne, nyeusi na nyeupe, limechorwa kwenye bawa, karibu na ukingo wa mbele. Ukimaliza kujenga, unaweka kidole kimoja chini ya kila bawa, pale pale penye alama, kisha unainua. Ndege ikikaa sawa, ao pua ikiinama kidogo tu, uko tayari. Mukia ukishuka, hapana kurusha. Sherti uongeze uzito mbele: usogeze batri, ao ubandike kipande cha risasi ndani ya pua. Ni kazi ya dakika tano, mutoto wa miaka 12 anaiweza.

Lakini ile alama iligharimu watu miaka karibu mia moja, na wengine iliwagharimu maisha. Historia ya ndege tunayosimuliwa inaanzaga na moteri, na wanaume wenye roho ngumu. Miye nasema inaanza na ile alama. Na walioitafuta hawakuwa wenye moteri kubwa. Walikuwa watu wa kuchezea karatasi, vijiti na elastiki, wakati wakubwa walikuwa wanacheka.

Neno moja kwanza. Wazungu wanaita lile sanduku «kit». Nikiandika «kiti» mutafikiri ni ya kukalia, kwa hiyo nitasema sanduku tu.

Mwaka wa 1804, kule Yorkshire nchini Uingereza, mwenye mashamba mumoja aliyeitwa George Cayley alifunga kishada cha karatasi, kile watoto wanarushaga na uzi, juu ya fimbo ya urefu wa karibu meta moja na nusu. Nyuma ya fimbo akaweka mukia unaoweza kugeuzwa. Na akaweka kitu ambacho mabuku mengi yanapita haraka: uzito unaoweza kusogezwa, mbele ao nyuma, mpaka ile kitu iteleze hewani bila kupinduka. Ndiyo kusema, mutu wa kwanza aliyeunda sura ya ndege tunayoijua leo (bawa mbele, mukia nyuma) alijua siku ileile kwamba sura peke yake haitoshi. Sherti uzito ukae mahali pake. Tena Cayley alishughulika na kutoa maji kwenye mashamba ya bonde la kwao, kwa hiyo miye namuhesabu kama mwenzetu wa kazi.

Juu ya nini uzito ukae mbele? Kwa wale waliosoma sheria na lettres, nieleze na chukudu. Mutu anateremka kutoka Kibumba kwenda Goma na magunia ya viazi. Akipanga magunia yote nyuma ya gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani haushike tena barabara, na kwenye mukunjo wa kwanza viazi vitajikuta kwenye mufereji. Ndege iko vile, ila yenyewe haina barabara ya kuishikilia. Bawa linabeba. Uzito ukiwa mbele kidogo ya pale bawa linabebea, pua inataka kushuka kila saa. Mukia, uliowekwa na pembe ndogo inayoangalia chini, unasukuma nyuma kuelekea chini na kuizuia. Ndege ikishika mwendo mukali, mukia unasukuma zaidi, pua inapanda, mwendo unapungua. Mwendo ukipungua sana, mukia unakosa nguvu, pua inashuka, mwendo unarudi. Ndege inajirekebisha yenyewe, hakuna mutu ndani, hakuna kompyuta. Sasa weka uzito nyuma: pua ikipanda kidogo inaendelea kupanda, bawa linashindwa kubeba, na ndege inaanguka kama jiwe. Wajenzi wa modeli wanasemaga: uzito kwenye pua, ndege inaruka vibaya, uzito kwenye mukia, ndege inaruka mara moja.

Twende Paris, 1871. Hapa nataka tukae kidogo.

Alphonse Pénaud alizaliwa mwaka wa 1850, baba yake alikuwa amirali. Yeye pia angeingia jeshi la maji, lakini ugonjwa wa nyonga ulimuzuia. Kijana wa miaka 21 ambaye njia aliyotayarishiwa imefungwa, na ambaye kutembea kwenyewe ni shida. Akaanza kuchezea elastiki. Wengine mbele yake walikuwa wanatumia chemchemi za chuma kuzungusha elisi, na chuma ni kizito. Pénaud akachukua elastiki, akaisokota kama kamba, akaiacha ijisokotoe polepole ikizungusha elisi. Ndege yake aliiita planophore. Urefu wake ulikuwa karibu nusu meta, na uzito wote gramu 16. Gramu 16! Bahasha yenye karatasi tatu za kuomba kazi inaipita uzito.

Tarehe 18 Agosti 1871 aliirusha katika bustani ya Tuileries mbele ya watu wa chama cha usafiri wa anga. Mukumbuke ni Paris ya namna gani: vita na Waprusia vimeisha tu, na jumba la wafalme pembeni ya ile bustani lilikuwa limechomwa moto mwezi wa Mei siku za Commune. Kati ya hayo majivu, kitu cha gramu 16 kilizunguka hewani sekunde 11, kikaenda karibu meta 40, kikatua. Hakikupinduka. Ncha za mabawa zilikuwa zimeinuliwa juu kidogo ili ndege ikilala upande mumoja ijirudishe, na mukia ulikuwa na ile pembe niliyoieleza. Pénaud hakusema tu «imeruka». Alieleza kwa maandishi juu ya nini imeruka, vile mutu wa sayansi anapaswa kufanya.

Kisha akataka kujenga kubwa. Mwaka wa 1876, yeye na fundi Paul Gauchot waliandikisha mupango wa ndege ya watu wawili: magurudumu yanayokunjika, elisi mbili, kioo cha kumukinga mwenye kuendesha, fimbo moja ya kuongoza. Iweze hata kutua juu ya maji. Ukitazama ile michoro leo unafikiri ni mutu wa 1930 aliyepotea njia akajikuta karne nyingine. Hakuna aliyetoa pesa. Walimucheka, na ugonjwa ukamuzidi. Mwezi wa Oktoba 1880 aliweka michoro yake ndani ya jeneza dogo, akaipeleka kwa Henri Giffard, mutu aliyekuwa maarufu kwa puto zinazoongozwa. Kisha akajiua. Alikuwa na miaka 30.

Nilisoma hiyo usiku, nikaweka simu chini. Miaka 30 ni umri wetu. Wengi wetu humu tuko na mupango fulani, wa bwawa la samaki, wa mbegu bora, wa kiwanda kidogo cha maziwa, umelala ndani ya clé USB tangu siku ya kutetea kazi ya mwisho. Sitasema zaidi kuliko hiyo.

Kitu kimoja chake hakikuingia ndani ya lile jeneza: muchezo. Mbali na planophore, Pénaud alikuwa ameunda pia kihelikopta cha elastiki, na watu waliendelea kukitengeneza kwa kuuza. Mwaka wa 1878, askofu Milton Wright aliingia nyumbani kwake, Cedar Rapids katika jimbo la Iowa, Marekani, akiwa ameficha kimoja mukononi. Akakiachilia mbele ya watoto wake, kikapanda mpaka dari. Wilbur alikuwa na miaka 11, Orville 7. Waliita kile kitu popo, wakacheza nacho mpaka kikavunjika, wakajaribu kutengeneza vingine. Walipojaribu kukiongeza ukubwa kilikataa kuruka. Lile somo la pili lilikuwa muhimu kuliko la kwanza, na kuko muzee mumoja aliyelipata kwa bei kali.

Huyo ni Samuel Langley, mukubwa wa Smithsonian kule Washington, mutu mwenye pesa na heshima. Alijenga makumi ya modeli za elastiki kwa kufuata Pénaud, halafu modeli kubwa za muvuke. Tarehe 6 Mei 1896 moja yao, namba 5, yenye uzito wa kilo karibu 11, iliruka juu ya muto Potomac karibu kilometa nzima. Ushindi wa kweli. Basi serikali ikampa dola 50,000 ajenge ya kubeba mutu. Akaongeza vipimo, na ndege ikaanguka ndani ya maji tarehe 7 Oktoba 1903, ikaanguka tena tarehe 8 Desemba. Ukiongeza urefu mara nne, eneo la bawa linaongezeka mara 16, lakini uzito unaongezeka mara 64. Kwetu agronomia tunajua hesabu hiyo: huwezi kuchukua matokeo ya kiploti cha meta mbili ukayazidisha mpaka hektari mia, ukalala usingizi.

Siku tisa kisha, tarehe 17 Desemba 1903, ndugu Wright waliruka. Na hapa historia inageuka kwa namna ambayo hainifurahishi sana, lakini ndivyo ilivyokuwa: walikuwa wameacha njia ya Pénaud. Waliweka usukani wa kupanda na kushuka mbele, hawakutaka ndege inayojirekebisha, walitaka mutu aiongoze kila sekunde kama baiskeli. Ndege yao ilikuwa na uzito nyuma mno, ikawa inapanda na kushuka hewani kama mbuzi asiyezoea kamba. Mwaka wa 1904 wenyewe walifunga karibu kilo 30 za chuma kwenye pua. Hata wao, basi, walirudi kwenye alama.

Niliahidi boga. Kule visiwa vya Java na jirani zake kuko mumea unaopanda miti, Alsomitra macrocarpa, wa jamii ya maboga, ndugu wa boga la mama nyumbani. Mbegu yake iko katikati ya utando mwembamba unaofika karibu sentimeta 13 kwa upana. Tunda likifunguka juu ya muti, mbegu zinateleza hewani zikizunguka polepole, mbali na mama yao. Hakuna mukia, hakuna usukani. Mbegu yenyewe, ambayo ni uzito wote, imekaa upande wa mbele wa utando. Profesa Ahlborn wa Hamburg aliiandikia mwaka wa 1897, na Igo Etrich wa Austria akaichukua kama mufano. Alianza na modeli, akafika kwenye ndege ya kuteleza mwaka wa 1906, na mwaka wa 1910 ndege ya moteri aliyoiita Taube, njiwa. Sijui kama kuko mwanafunzi wa kwetu aliyewahi kuambiwa hiyo katika kozi ya botaniki. Miye sikuambiwa.

Sasa lile sanduku. Lilizaliwa kabisa pale mambo mawili yalipokutana: Lindbergh kuvuka Atlantiki peke yake mwaka wa 1927, jambo lililofanya watoto wa Marekani wawe wagonjwa wa ndege, na muti wa balsa.

Balsa (Ochroma pyramidale) unatoka Amerika ya joto, na Ecuador ndiyo inauza mwingi kupita nchi zote. Ni muti wa kukimbilia mwanga: pori likifunguka, ni kati ya ya kwanza kuingia, unakua haraka kabisa, na baada ya miaka sita ao saba hivi unaweza kukatwa. Ukiwa hai umejaa maji. Ukikaushwa unabaki kama sponji ngumu, mara nyingi kati ya kilo 100 na 200 kwa meta ya ujazo, wakati miti yetu mingi ya mbao inapita 600. Waliokaa upande wa Tshopo wanajua ndugu yake wa tabia, parasolier, Musanga, ule unaojaza shamba lililoachwa. Jamii ni nyingine, lakini maisha ni yaleyale: kukua haraka, mbao nyepesi, kufa mapema.

Mbele ya balsa, modeli zilijengwa na mianzi na mbao za misonobari. Balsa ilifanya mutoto mwenye wembe na gundi ajenge bawa zima juu ya meza ya kulia. Miaka ya 1930, wakati uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, masanduku ya senti 10 yalikuwa yanauzwa kila mahali: pulani moja, karatasi nyepesi ya kufunika, vijiti, ubao wenye mbavu zilizochapwa za kukata, na elastiki. Paul Guillow, aliyekuwa rubani wa jeshi la maji, alikuwa ameanza kampuni yake mwaka wa 1926 huko Massachusetts, na mupaka leo inauza. Fikirini: ile hesabu iliyomushinda Langley na dola zake 50,000 ilikuwa imekunjwa ndani ya sanduku la senti 10. Mutoto hakuambiwa hesabu. Aliambiwa tu: weka kidole hapa.

Miye na jirani yangu, fundi wa radio na simu, tulijenga moja pale Bukavu. Binamu yake alikuja nayo kutoka Ulaya ndani ya valizi. Bawa liko juu ya mwili, aina ya kujifunzia. Tulitandika pulani juu ya ubao, tukaifunika na plastiki ili gundi isishike, tukapanga mbavu moja moja kwa pini. Kazi ya jioni, saa umeme unakubali. Kilichonifundisha zaidi ni mbao zenyewe. Vibao viwili vya vipimo vilevile, kimoja kilikuwa kizito karibu mara mbili ya kingine. Mutu wa viwanda angesema ni kasoro. Mutu wa mimea anajua: ule muti ulipata mvua na mwanga, ukakimbia, ubao wake ni mwepesi; huu uliteseka, ukakaza. Tukapima kila kibao kwenye kamizani ka duka la dawa, tukagawanya vizito kwa vyepesi, bawa la kuume na la kushoto, ili mabawa yasilaliane. Hata hivyo, tulipoishika pua na mukia kwa ncha za vidole, bawa la kushoto lilishuka. Pini mbili ndogo ndani ya ncha ya kuume, likakaa.

Kisha alama. Pulani ilichorwa kwa moteri ya mafuta. Sisi tuliweka ya umeme, nyepesi zaidi, kwa hiyo pua ilikosa uzito na mukia ukaanguka mara moja. Batri ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena, mpaka ikagusa ukuta wa moteri. Bado. Jirani akatoa vipande vya risasi ya kulehemu, gramu tano tano. Kwa kila kipande tunainua, tunaangalia. Hapo njo utajua kama uko na haraka ao hapana, juu gramu moja unayoongeza kwenye mukia, kwa mufano rangi tu, inaweza kudai gramu tatu kwenye pua: mukia uko mbali na alama, pua iko karibu. Ni ile mizani ya sokoni yenye mukono murefu na mukono mufupi.

Jambo lingine la kwetu: Bukavu iko karibu meta 1,500 juu ya bahari. Hewa ya huku ni pungufu kwa karibu asilimia 14 ukilinganisha na pwani. Alama haihami, lakini bawa linabeba kidogo, kwa hiyo sherti ndege iende haraka zaidi, karibu asilimia 7 ao 8, ndipo ibebe uzito uleule. Kila gramu ya gundi unailipa.

Tuliitupa kwa mukono, moteri imezimwa, juu ya majani ya shamba moja la majaribio. Ikateleza, ikalala juu ya majani vizuri. Na moteri hatujaiwasha mupaka leo. Mutu wa kwetu akisikia kitu kidogo kinalia juu ya kichwa chake, hatafute mutoto mwenye telekomande. Anatafuta mahali pa kujificha. Kwa hiyo ndege imefungwa na kamba darini, na nitaeleza vile muchezo ulifika kwenye hiyo hofu.

Miaka ya 1930 vijana wa Marekani walipata moteri ndogo za mafuta. Bill Brown wa Philadelphia alitengeneza moja, na mwaka wa 1933, kwenye mashindano ya taifa ya Roosevelt Field karibu na New York, Maxwell Bassett akashinda nayo wenye elastiki vibaya sana. Lakini shida ikazaliwa palepale. Ndege yenye usawa muzuri na moteri nzuri inaenda. Inaenda na hairudi. Mwenyewe anakimbia chini akipita mashamba ya watu, kisha anarudi nyumbani bila kitu. Usawa uliokamilika ulikuwa sababu ya kuipoteza.

Jibu lilikuwa radio. Tesla alikuwa ameongoza mashua ndogo kwa radio tangu 1898, mbele ya watu New York, lakini mashua inabeba uzito wowote. Mwaka wa 1937, mapacha wawili wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, Walter na William Good, waliweka radio ndani ya ndege yao yenye mabawa ya karibu meta 2.4. Waliiita Guff. Radio ya wakati ule ilikuwa ya lampi za kioo, na batri zake nzito kama matofali. Ujuzi wa mapacha haukuwa kwenye mawimbi tu. Ulikuwa katika kupanga matofali hayo ndani ya mwili ili vidole viwili bado vikubali. Tena amri zenyewe zilikuwa chache: geuza mukia, rudisha. Yote mengine, kupanda, kutulia, kujirudisha baada ya upepo, yaliachiwa usawa. Radio haikuchukua nafasi ya Pénaud. Ilikuwa inamunong'oneza tu. Guff leo iko Smithsonian, nyumba ileile ya Langley, na hiyo naiona ni haki.

Karibu na wakati huo, Hollywood, kulikuwa mucheza filamu Muingereza aliyeitwa Reginald Denny, mwenye duka la modeli na masanduku yake mwenyewe. Aliona mbele kuliko wengine: jeshi linahitaji kitu cha kulengea mizinga. Modeli kubwa ya radio, bei ndogo, waipige watakavyo. Kampuni yake, Radioplane, ilitengenezea jeshi la Marekani karibu 15,000 za namna hiyo siku za Vita Kuu ya Pili. Mwaka wa 1945 mupiga picha wa jeshi aliingia kiwanda chao akakuta musichana mumoja kazini, Norma Jeane, akamupiga picha. Dunia ilimujua baadaye kwa jina la Marilyn Monroe. Watu wanakumbuka picha. Miye nakumbuka kile alichokuwa anakiunganisha: ndege bila mutu, mutoto wa sanduku la senti 10.

Kutoka pale mustari ni murefu lakini haukatiki. Tarehe 3 Desemba 2013, pale kiwanja cha Goma, Umoja wa Mataifa ulizindua ndege zake za kwanza za upelelezi zisizo na rubani, zilizotengenezwa Italia, bila silaha. Ndiyo, wandugu, za kwanza za Umoja wa Mataifa popote duniani, na zilirukia juu ya vichwa vyetu. Wengi tuliziona kabla ya kuona ndege ya kuchezea hata moja. Wenzetu wa nchi zingine walianza na sanduku, wakaelewa kitu, kisha wakaona drone. Siye tulianza na drone, na hakuna aliyetuonyesha alama iko wapi.

Nimalize na muzee mumoja, juu ndiye aliyenifanya niandike. Maynard Hill alikuwa mutaalamu wa madini na mujenzi wa modeli tangu utoto. Alipofika miaka 77, macho yalikuwa yamekwisha karibu kabisa na masikio hayasikii vizuri. Alikuwa anajenga kwa kugusa. Alitaka ndege ya balsa ivuke Atlantiki, na sheria za rekodi zilikataza kupita kilo tano pamoja na mafuta. Mafuta peke yake yalikuwa karibu nusu. Fikiria usawa hapo: ndege inayoanza safari na uzito mumoja na kumaliza na nusu yake. Mutu anayejenga hivyo sherti aweke tanki karibu kabisa na alama, ili mafuta yakiisha pua na mukia visijue.

Majaribio ya mbele yalipotelea baharini. Ile ya tano, TAM 5, Hill aliirusha kwa mukono wake Cape Spear, Newfoundland, tarehe 9 Agosti 2003. Chombo kidogo cha kuongoza kikaichukua kwa kufuata setelaiti. Ilikaa hewani saa 38 na dakika 52, ikapita kilometa karibu 3,000. Tarehe 11 Agosti ilitokea juu ya ufuko wa Mannin, karibu na Clifden nchini Ireland, si mbali na pale Alcock na Brown walitua mwaka wa 1919. Dave Brown, aliyekuwa anaingoja kule, akaishika kwa telekomande, akaiteremsha juu ya majani. Hill alikuwa amebaki upande wa Kanada.